Kamba kwenye Muguu wa Bwana Yangu

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya ziwa, na volkano haikuonekana hata mabega. Karibu na saa sita jua likatoka kali, lile jua linalotangulia mvua. Mvua yenyewe ikaja kidogo alasiri, ikaacha. Mawe yakainywa yote kabla sijamaliza kuanua nguo.

Naandika leo hii hii sababu najijua. Nikingoja kesho nitaanza kurekebisha, na kila mutu atatoka muzuri zaidi ao mubaya zaidi kuliko alivyokuwa. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, basi. Mahali nimeandika vibaya, ni mukono. Mahali nimehukumu vibaya, hapo ndipo naomba kusamehewa.

Bwana yangu ni muvuvi. Anavua ziwani hapa Goma tangu kabla ya kunioa, na hajui kuogelea. Hayo maneno ya mwisho nimeyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena. Si siri kubwa. Wavuvi wengi wa hapa hawajui, na ukiwauliza wanakujibu, "Mimi naenda kutafuta samaki, siendi kuwa samaki." Lakini yeye hajawahi kusema hata hivyo. Mimi nilijua sababu nilizaliwa pembeni ya maji, nikajua kuogelea kabla ya kujua kusuka nywele. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwambia twende tukaoge ziwani. Akaingia mpaka kwenye magoti, akasimama pale anajimwagia na kikombe, kwa adabu, kama mugeni aliyepewa maji ya kunawa kwa watu. Sikumucheka. Nilipenda sana namna alivyoshika kile kikombe.

Sasa mvua zimeanza, na anataka kurudi kwenye muto wa kwa mudogo wangu, upande wa Minova. Muto ule karibu umuchukue mwezi wa ine. Mimi nilisema hataenda tena pale na kamba kwenye muguu. Yeye alisema hajaanza leo kuvua, na hatafundishwa na bibi mahali pa kufunga kamba. Tumekaa hivyo wiki nyingi, tukisalimiana vizuri, tukila pamoja, na neno hilo katikati yetu kama mutu wa tatu mezani.

Nieleze hiyo kamba, sababu bila kuielewa mutu atafikiri bwana yangu ni mujinga, na si mujinga.

Haendi na wale wa sambaza, wale samaki wadogo, wanaotoka kwa kundi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Anaenda peke yake, na mutumbwi mudogo na ndoano. Akifika mahali anapopapenda karibu na kando, anatupa jiwe lenye kamba, na upepo unamusukuma polepole huku jiwe linajikokota chini. Wengine wanafunga ncha ya kamba kwenye mbao. Yeye anaifunga kwenye kifundo cha muguu wa kushoto. Nilimuuliza zamani juu ya nini, akanijibu:

"Mikono iko na kazi ya ndoano. Macho iko na kazi ya maji. Muguu umekaa tu. Basi naupa kazi."

Kupitia kamba ile anasikia upepo ukigeuka kabla haujaonekana juu ya maji. Na ni kweli. Nimekuwa kando ya ziwa nimemwona anarudi, jua bado linawaka, wenzake wanamupigia miluzi, "Muzee, umesahau chumvi nyumbani?" Halafu upepo ukashuka, na wenzake wakarudi wakiwa wamelowa, mumoja bila kasia. Lazima niandike hili sababu ni haki yake: hiyo kamba ya muguuni imeshamurudisha nyumbani zaidi ya mara moja.

Na jiwe nalo halikuwa jiwe tu. Volkano iliposhuka ikafunika nyumba yetu ya kwanza, tulirudi wakati mawe yamepoa juu lakini chini bado yana joto, unasikia kupitia kandambili. Watu walikuwa wanatafuta mahali nyumba zao zilipokuwa kwa kukumbuka mistari ya njia. Bwana yangu alitembea, akahesabu na mudomo, akasimama. "Mulango ulikuwa hapa." Akapiga na nyundo, akatoa kipande kikubwa kama kichwa cha mbuzi, chenye tundu katikati, kama kimetobolewa kwa ajili ya kamba. Majirani walibeba mawe yao wakajenga kuta. Yeye alibeba lile moja. Akasema, "Lilitufukuza nyumbani. Basi litushike majini."

Tuliishi na jiwe lile miaka yote, kwanza kwa dada yake huko Ndosho, halafu hapa Mapendo. Lilikaa nyuma ya mulango. Watoto walilikalia wakila.

Sasa, muto. Goma haina muto. Watu wa mahali pengine wanashangaa tukisema hivyo, muji mukubwa wenye mvua nyingi na hakuna hata kijito. Lakini ndivyo ilivyo: mvua ikinyesha jiwe linakunywa, na maji yanaenda ziwani kwa njia za chini ambazo hakuna aliyeziona. Mutu anaweza kuzeeka hapa na maji mbele yake kila siku, na asijue hata kidogo tabia ya maji yanayokwenda.

Mwezi wa ine bibi ya mudogo wangu alizaa mapacha, nikapanda boti kwenda kumusaidia. Njia ilikuwa shwari siku zile. Baada ya siku chache bwana yangu akanifuata. Alisema anakuja kusalimia mapacha. Lakini alishuka kwenye boti na gunia begani, na ndani ya gunia kulikuwa kamba, ndoano, na lile jiwe. Alikuwa amelipakia kwenye boti kama muzigo wa maana.

Mudogo wangu, ambaye anavua mutoni tangu utoto, alifungua gunia akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, hili jiwe tulipike na nini? Na maharagi?"

"Cheka," bwana yangu akasema. "Hili jiwe limekaa ziwani kukushinda."

"Ziwani, sawa. Ziwa ni kama ng'ombe aliyelala. Unamufunga ukitaka. Muto uko safarini, shemeji. Hauna ugomvi na wewe, unaenda kwake tu. Weye usiwe kitu cha kuuzuia."

Alimuonyesha uvuvi wa kule. Unapanda mutumbwi juu, kwenye kona ya migomba, unauacha uende na maji mpaka muto unapoingia ziwani, ndoano ikitembea pamoja nawe. Kasia si ya kukimbia, maji yenyewe yanakimbia. Kasia ni ya kujiondoa. Ukiona jiwe mbele, unapiga kasia kurudi nyuma ukilikimbia, hulisogelei ukifikiri utalipita. Usisimame. Ukianguka, lala mugongo, miguu mbele, uache muto ukubebe mpaka ukuchoke. Usiwe kati ya mutumbwi na jiwe. Bwana yangu alisikiliza yote akitikisa kichwa. Siku za kwanza walienda wawili, na lile jiwe lilibaki nyumbani kwa mudogo wangu. Nadhani bwana yangu alilihurumia. Mimi ningelihurumia.

Halafu siku moja mudogo wangu aliamka na homa. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, kwetu chini hapana hata tone. Muto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na shina la mugomba lilipita linazunguka.

"Leo muto umeshiba," mudogo wangu alisema kutoka kwenye mukeka. "Muuache."

"Umeshiba, na samaki wamekuja kula," bwana yangu akajibu.

Na hapo wote walikuwa na haki. Maji yakiwa hivyo kambale wanatoka, hilo mudogo wangu mwenyewe alilifundisha. Na alisema muuache mara moja tu, akageukia ukuta.

Aliyepanda kushika kasia nilikuwa mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Miaka yote hii nimeuza samaki wa bwana yangu, nimewapanga kwenye sinia, nimewasifu kwa wanunuzi kama niliwazaa, na sikuwa nimemwona akivuta hata mumoja. Nilitaka kuona. Nilikaa mbele, yeye nyuma. Nilipogeuka nikaona jiwe liko kati ya miguu yake, na kamba imeshazungushwa kwenye kifundo. Nilikuwa nimeizoea kamba ile, kama mutu anavyozoea kovu la mwenzake.

Kipande cha kwanza kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Migomba ilipita yenyewe. Mwanamuke aliyekuwa anaosha mihogo alitupungia mukono na alikuwa ameshapotea kabla sijamurudishia. Nyuma yangu nikasikia "aah," kidogo, kama mutu anayekutana na rafiki. Nikageuka. Alikuwa anavuta kambale mweusi, mukubwa kama mukono wangu, na uso wake ulikuwa uso nisiokuwa nimeuona tangu watoto walipokuwa wadogo. Alimuinua ili nimuone vizuri. Hakumuinua kwa ajili yake, alimuinua kwa ajili yangu.

"Wako hapa," akasema. "Wako hapa wengi."

Na akafanya kile ambacho muvuvi yeyote wa Goma angefanya akipata samaki mahali. Akatupa jiwe.

Ziwani ukitupa jiwe unatulia. Mutoni, jiwe lilishika, kamba ikanyooka, na mutumbwi ukasimama kwa nyuma wakati maji hayakusimama. Nilisikia kwanza kwenye mugongo: mbao zikalia. Halafu ncha ya nyuma ikainama, maji yakaingia kwa utulivu kabisa, kama yanayoingia kwenye sufuria, na mutumbwi ukaanza kugeuka ubavu. Muguu wake wa kushoto ulikuwa umeshatoka nje, umenyooka ndani ya maji, na yeye ameshika mbao kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Aliniangalia kama mutu anayetaka kuomba kitu lakini anaona haya.

Kwenye kando mudogo wangu alikuwa ametokea na blanketi lake, anapiga kelele. Niliona mudomo tu. Muto ulikuwa unasema kumushinda.

Sikusimama, sababu mudogo wangu alikuwa amefundisha usisimame. Nilitambaa kwa tumbo, juu ya nyavu ndogo, juu ya yule kambale. Kisu cha kupasulia samaki kilikuwa kimechomekwa kwenye mbao. Kamba ilikuwa ngumu kama chuma. Nilikata kama anayekata nyama mbaya, mara hii, mara hii, na maji yananipiga kifuani, na mukono wa bwana yangu umeshika kitenge changu kwa nyuma ili nisiende. Yeye aliyekuwa amefungwa ndiye aliyekuwa ananishika mimi.

Ikakatika. Mutumbwi ukaruka kama mbuzi, ukazunguka, ukaenda. Tulikaa ndani ya maji mpaka kiunoni, nikiwa natoa maji na sufuria, yeye anatoa na mikono, na muto ukatupeleka mpaka mwisho wake na kututoa nje, kama mama anavyomutoa mutoto mukorofi jikoni. Pale maji ya chai yanapokutana na maji ya bluu kila kitu kikanyamaza. Yule kambale alikuwa anaogelea ndani ya mutumbwi, kati ya miguu yetu, yeye peke yake akiwa na furaha.

Bwana yangu aliangalia kifundo chake. Ngozi ilikuwa imetoka duara lote, na kipande cha kamba bado kimefungwa juu yake.

"Umekata," akasema.

"Nimekata."

Akagusa kile kipande cha kamba. Halafu akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma:

"Mulango wetu umebaki kule chini."

Nilichukua sufuria nikaendelea kutoa maji.

Mudogo wangu alitufikia anakimbia pembeni, blanketi inaburuta kwenye matope, na homa yake yote. "Shemeji! Muto si mbuzi! Haufungwe!" Alitukana kidogo, sitayaandika. Jioni, alipotulia, alisema mambo mengine, na haya naandika yote. Alisema kelele zake zilikuwa za kuniambia niilegeze kamba, nisiikate. Alisema pale chini ni muchanga, jiwe lingeweza kuteleza lenyewe. Alisema kama kamba ingekuwa imefungwa mbele, pua ya mutumbwi ingetazama maji na ungesimama vizuri. "Lakini kisu pia si vibaya," akasema, akinitazama. "Kwa haraka ile, kisu pia si vibaya."

Kwa hiyo sijui. Nimeigeuza mara nyingi kichwani, nikiosha vyombo, nikipanga samaki. Labda nilimuokoa bwana yangu. Labda nilitupa jiwe la mulango wetu bure, na dakika ile ile lingeteleza, na tungeenda wote, sisi na jiwe. Watu wakiniambia "mama, ulifanya vizuri," naona aibu kidogo, kama nimepewa sinia ya mwingine.

Alichofundisha mudogo wangu usiku ule nakikumbuka vizuri. Kama ni lazima kusimama mutoni, jiwe liwe dogo, kamba iwe mbele, na fundo liwe lile la kufungia mbuzi: unavuta ncha moja, lote linaachia. Kisu kiwe karibu. "Na mutu," alisema, "asiwe sehemu ya kamba." Bwana yangu alimuuliza fundo la mbuzi linafungwaje. Kisha hakulifunga.

Tuliporudi Goma alitafuta jiwe lingine, na ziwani akaendelea na muguu wake. Ziwani ana haki. Mimi nilichukua vibidoni vine vitupu vya mafuta, vile vidumu vidogo vyenye kifuniko kizima, nikavishona ndani ya kitenge cha zamani, viwili kifuani, viwili mugongoni, na kamba za kitambaa za kufunga mbele. Zile jile za kweli za kuelea, za rangi ya machungwa, nimeziona kwa abiria wa boti. Yangu ilikuwa na maua ya kijani na ndege. Nilimuonyesha. Akaigeuza, akagonga kibidoni kimoja na kidole.

"Nitavaa hii mbele ya watu wenye akili?"

"Mbele ya samaki."

Akaitundika kwenye musumari karibu na mulango, pale juu ya mahali lile jiwe lilipokuwa linakaa. Ilikaa pale wiki na wiki. Kila akitoka aliipita bila kuitazama, kama mutu anavyompita mbwa wa jirani.

Leo asubuhi aliniuliza, "Unafua?"

"Siku ya posho, nafua."

"Nitakubebea beseni."

Hajawahi kunibebea beseni. Nikamufuata. Tulipofika kando ya ziwa, kwenye mawe ya kufulia, nilipoanza kutoa nguo nikaikuta ile jile chini kabisa, imefunikwa na mashuka. Alikuwa anaangalia ng'ambo.

Wanamuke walikuwepo wengi, siku ya posho ni hivyo. Alivaa nyuma ya jiwe kubwa, nikamufunga kamba za mbele, nikakaza sana. Alipotokea, povu zilisimama kwenye mikono ya watu.

"Eeh, mama! Bwana yako anauza mafuta?"

"Papa, ni ya mawese ao ya kiwanda?"

"Mumuache, ni harusi! Angalia kitenge!"

Bwana yangu aliwasalimia wote kwa heshima, mumoja mumoja, kama yuko na koti. Kisha akaingia majini. Magoti. Akasimama. Niliona kidole chake kinatafuta kikombe. Nikaingia na nguo zangu, nikamupita, nikasimama mahali maji yananifika kifuani, nikamunyooshea mikono. Akaja. Niliweka kiganja chini ya kichwa chake, kama nilivyowafanyia watoto wetu wote.

"Lala."

"Nalala wapi?"

"Juu ya maji."

"Maji haina shuka."

"Lala, papa. Miguu mbele, kama shemeji yako alivyosema."

Vibidoni vikapiga kelele chini ya kitenge, na akalala. Shingo yake ilikuwa ngumu kama muti. Nilingoja. Kuna wakati shingo ya mutu inaamua, unaisikia kwenye kiganja, na ya kwake ikaamua. Miguu ikapanda juu yenyewe, na nikaona kifundo, na ile alama nyeupe inayokizunguka. Nilitoa mukono kidogo kidogo. Aliangalia juu. Wanamuke walikuwa wamenyamaza, na mumoja tu, muzee kuliko wote, akasema polepole, "Huyo, anaelea."

Sijui alikaa hivyo muda gani. Aliposimama hakunitazama mimi, alitazama ziwa, akasema, "Kumbe." Basi. Nikarudi kwenye nguo zangu.

Shida ikaja wakati wa kuvua. Kitambaa kilikuwa kimelowa na fundo limekazana kama jiwe. Tulijaribu, vidole vikateleza. Mwisho tukapandisha njia hivyo hivyo, mimi na beseni kichwani, yeye na maua na ndege na vibidoni vinagongana, Mapendo yote iko nje. Motari mumoja, mwenye piki ya kubeba watu, alisimama kabisa.

"Papa, mafuta ni bei gani?"

"Imeisha," bwana yangu akasema bila kusimama. "Kesho."

Nyumbani nikachukua kisu. Alinishika mukono, anacheka.

"Weye na visu vyako! Hapana. Ngoja, tufungue na mikono."

Tukakaa kwenye benchi, mimi nikivuta na kucha, yeye ameinua kidevu kama mutu anayenyolewa. Mvua ikanyesha, nikatoka kuanua nguo, nikarudi, bado. Na hapo, kucha zikiniuma, ndipo nikaelewa ninachokitazama. Fundo lilikuwa langu. Lile la kawaida, la kufungia muzigo, lililokazwa mara mbili na upendo wangu wote. Kama muto ungemushika kwa kitenge kile kwenye tawi chini ya maji, hangeweza kujifungua. Wiki zote hizi namulaumu kwa kamba, na mimi nilikuwa nimemufunga kamba nyingine, kifuani.

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia.

Alifikiri. Hakucheka, na nilimushukuru kwa hilo. Fundo lilipoachia, alivua jile, akazungusha kitambaa kwenye muguu wa meza, akajaribu kukumbuka fundo la mbuzi. Mara ya kwanza likakwama. Mara ya pili likaanguka lenyewe. Mara nyingine akavuta ncha moja, na lote likaachia, laini, kama mutu anayetoa pumzi. Akalifunga tena. Akaniambia nivute mimi. Nikavuta.

"Nitaenda mutoni siku ya kwanza, Jumatatu," akasema. "Kamba mbele. Muguu bure. Na hii nitavaa, na fundo hili."

"Na ziwani?"

"Ziwani uniachie muguu wangu."

"Ziwani nakuachia."

Akaitundika jile kwenye musumari, kwa namna nyingine, kitambaa kikitazama mulango, ili iwe ya kushika haraka. Nimeangalia mara mbili wakati nikiandika. Bado iko vile. Kama nimefanya vizuri kumuachia aende, sijui. Muto nao utakuwa na neno lake. Lakini hatakuwa sehemu ya kamba.

Binti yetu ndiye aliyepika. Tulikula bugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, na sambaza za kukaanga, za kununua kwa jirani, sababu muvuvi wa nyumba leo hakuvua.